Namna ya Kufumbua Jina la Kilatini la Msuli

Jina kama musculus extensor carpi radialis longus humtisha mwanafunzi kwa urefu wake, ilhali urefu huohuo ndio unaomwezesha kulielewa bila kulikariri, mradi ajue aanzie wapi.

Liweke kando neno musculus, ambalo ni msuli tu, kisha utafute nomino inayotaja kazi. Extensor imetokana na kitenzi extendere, yaani kunyoosha, na kiishio -or humtaja mtendaji, kama -ji katika "mnyooshaji". Kwa njia hiyohiyo, flexor ni mkunjaji na levator ni mwinuaji.

Baada ya hapo uliza kinachonyooshwa ni nini. Kilatini huonyesha umilikishi kwa kubadili mwisho wa neno, hivyo carpus, yaani kifundo cha mkono, neno ambalo Kilatini chenyewe kililikopa kutoka Kigiriki, huwa carpi. Digitus, kidole, huwa digiti kikiwa kimoja na digitorum vikiwa vingi.

Wengi hupotea kwenye vivumishi, ingawa sisi tuliozoea upatanisho wa ngeli hatuna sababu ya kupotea. Kivumishi cha Kilatini hufuata nomino yake: adductor magnus (msuli wa paja), vena saphena magna (mshipa wa mguu), foramen magnum (tundu la fuvu), ukubwa ni uleule, viishio ni vitatu. Kwa hiyo katika extensor digiti minimi kilicho kidogo ni kidole, wala si msuli, kwa kuwa minimi imefuata digiti. Longus, kinyume chake, imefuata extensor: msuli wenyewe ndio mrefu, na ukiona mrefu, mara nyingi yupo pia mfupi, brevis.

Radialis hutaja upande. Radius kwa Kilatini ni fimbo au spoki ya gurudumu, na ndilo jina la mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Ng'ambo yake huitwa ulnaris.

Sasa jaribu jina kwenye mkono wako. Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, kunja ngumi na uiinue, kisha papasa mgongo wa kifundo upande wa gumba. Kano inayokaza kuelekea mfupa wa kiganja wa kidole cha shahada ni ya longus. Jirani yake, inayoelekea ule wa kidole cha kati, ni ya brevis.