Jinsi ya kusikiliza podikasti ukiwa mtu wa media hapa Dodoma

Waandishi na watangazaji wenzangu, podikasti tunasikiliza wengi ila inapita tu kama redio ya saluni, na wakati sauti na stori ndo kazi yetu. Kwa hiyo kabla hujabonyeza plei jiulize unatafuta nini. Kuna anayewinda aidia, kuna anayetaka kuielewa mada kabla ya intavyu, kuna wa kujifunza ufundi, na kuna aliyechoka na kutwa nzima ya bungeni anataka tu kupumzisha kichwa. Zote sababu halali, ila ya kupumzika iache iwe ya kupumzika, usiishikie kalamu.

Bando kwanza. Weka programu yako ya podikasti ipakue kwa waifai peke yake, usiku ukiwa ofisini, maana ukistrimu kwenye daladala ya Mtumba bando linaisha na safari bado ipo. Hata ukipanda treni ya SGR kwenda Dar, pakua kabla, ukiingia kwenye mahandaki ya Kilosa usitegemee mtandao.

Sasa ufundi, na hapa ndo nawaomba sana mtulie. Chukua dakika mbili za mwanzo za kipindi unachokipenda uzisikilize mara mbili. Ya kwanza sikiliza tu. Ya pili andika kila kinachosikika, nani kaanza kuongea, mtangazaji au mhusika mwenyewe, muziki umeingia wapi na umeishia wapi, kuna kuku nyuma au feni. Halafu ruka mpaka kwenye mahojiano, fuata maswali tu. Utakuta swali zuri mara nyingi ni fupi, "ikawaje?", halafu muulizaji ananyamaza na mgeni anaanza kusema lile ambalo hakupanga kulisema. Ndo maana spidi ya 1.5 inafaa kwa habari ila ukijifunza rudisha 1, na programu nyingine zina sehemu ya kukata ukimya, hiyo zima kabisa, inakuibia somo lenyewe.

Aidia ikija jitumie voisi noti hapohapo WhatsApp: jina la kipindi, dakika ya ngapi, umewaza nini. Mfano umesikia mkulima wa nchi nyingine analia na bei, dakika ya 14, basi wewe nenda Hombolo kwa wakulima wa zabibu ukawaulize wanauza kwa nani na nani anapanga bei. Stori ya mwenzio usiirudie, chukua swali lake.

Kipindi cha bajeti, Aprili mpaka Juni, usijitese, kikao kinaanza saa tatu asubuhi na kinakula siku nzima, episodi moja kwa wiki inatosha.

Na mgeni akidai mbunge fulani alisema hivi, usiiandike kwa sababu umeisikia kwenye podikasti, ile imehaririwa. Ingia tovuti ya Bunge, fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa bungeni, ya siku hiyo, soma maneno yenyewe, halafu ndo uandike.