Babu, bibi na mjukuu jangwani: jinsi ya kuendesha Adelaide mpaka Uluru bila kuumizana

Wazazi wenzangu mnaoishi Australia, kama babu na bibi wamekuja kuwatembelea, au mnaishi nao hapa hapa, msiwaache wakae sebuleni wanaangalia tivi mpaka siku ya kurudi nyumbani. Likizo ya shule ya Julai ikifika wapakieni kwenye gari na mjukuu, mwende jangwani, kutoka Adelaide mpaka Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu katikati ya Australia. Nasema hivi kwa sababu watoto wetu waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia ila kujibu wanajibu Kiingereza, babu anauliza mara tatu anachoka, mwisho kila mtu anashika simu yake. Sasa barabara ya Stuart Highway mtakayopita ina vipande virefu sana ambako mtandao hakuna kabisa, hakuna YouTube hakuna WhatsApp, na hapo ndipo mtoto anaanza kuuliza maswali yake kwa bibi na bibi ana muda wote wa kujibu. Hiyo ndiyo faida yenyewe ya safari hii, kwa hiyo kila ninachoandika hapa ni cha kuwafanya wazee na mjukuu wawe wazima na wenye raha mpaka maneno yaanze kutoka.

Kwanza muda. Nendeni kati ya Mei na Agosti, Septemba bado si mbaya. Disemba mpaka Februari joto linaweza kupita 45, hiyo si ya mzee wala mtoto, msijaribu. Ila msidanganyike na neno jangwa, Julai usiku baridi inashuka hadi chini ya sifuri, bibi abebe sweta nzito, soksi, kofia ya sufu na blanketi lake, mchana atavua.

Njia ni kama kilomita 1,600 kwenda tu, lami yote. Vijana wanazimaliza kwa siku mbili, nyie gawanyeni mara nne au tano. Adelaide mpaka Port Augusta ni kama 310, laleni hapo. Port Augusta mpaka Coober Pedy ni kama 540, hii ndiyo siku ngumu kuliko zote, ukiona ni nyingi lala njiani maeneo ya Woomera. Coober Pedy kaeni siku nzima ya kupumzika, usiiruke. Halafu Coober Pedy mpaka Erldunda kama 490, unaweza kuikata Marla ambayo ipo karibu katikati, na kutoka Erldunda unakunja kushoto kama 250 mpaka Yulara, kijiji cha watalii kilichopo pembeni ya Uluru.

Kitu nachokipenda ni kwamba mzee na mtoto wanahitaji vitu vile vile kwa muda ule ule: choo, maji, kunyoosha miguu, kulala kidogo baada ya chakula. Simameni kila baada ya saa moja na nusu hata kama hakuna anayelalamika, maana babu hatasema kwamba amebanwa au miguu imevimba, atakaa kimya kwa heshima yake mpaka ateseke. Mwambie mtoto ndiye anayesimamia vituo, yeye ndiye wa kusema "babu tushuke," babu atashuka bila kuona haya.

Nani aendeshe? Kama babu anaendesha Kenya, Tanzania au Uganda basi upande wa kushoto ameuzoea na leseni yake ya Kiingereza anaweza kuitumia akiwa mgeni. Akitoka Congo, Burundi au Rwanda huko wanapita kulia, mwache akae mbele aangalie mandhari, sio mahali pa kujifunzia, na leseni ya Kifaransa inahitaji tafsiri au leseni ya kimataifa. Gari la kukodi soma mkataba vizuri, mengi hayaruhusu barabara ya vumbi wala kuendesha usiku nje ya mji.

Na hata kama ni gari lako, usiendeshe usiku. Hapa nasisitiza. Jua linapozama na linapochomoza kangaruu ndio wanatoka, wapo pia emu, ng'ombe wa mashamba yasiyo na uzio, hata ngamia, maana Australia ina ngamia mwitu wengi tu, mababu zao waliletwa karne ya 19 kubeba mizigo. Julai jua linazama kama saa 12 jioni, kwa hiyo saa 10 gari iwe imeshapaki. Asubuhi msikimbilie, kunyweni chai, muondoke saa 2. Na ukiona tai wakubwa wanakula mzoga barabarani punguza mwendo mapema kwa sababu wanachelewa sana kuruka.

Yale malori ya tela tatu na zaidi, wenyewe wanayaita rodi treni, yanafika urefu wa mita 53.5. Usishindane nayo, likikupita shika usukani vizuri upepo wake unasukuma, na kama unataka kulipita wewe hakikisha mbele kuko wazi mbali kabisa, la sivyo kaa nyuma, mna haraka gani? South Australia mwisho ni 110, ukiingia Northern Territory kuna sehemu mpaka 130, lakini na wazee ndani 100 inatosha na mafuta yanadumu.

Mafuta: jaza kila unapoona sheli, usihesabu bei. Baada ya Glendambo, kituo kidogo cha njiani ukishapita Woomera, mpaka Coober Pedy ni kama kilomita 250 huoni sheli hata moja. Maji hesabuni lita 10 kwa kila mtu kwa siku, mbebe ya siku mbili za ziada, na yagawanyeni kwenye madumu kadhaa ili moja likipasuka yabaki mengine. Chakula cha rodhausi, yaani vile vituo vya mafuta na chakula vya njiani, ni pai na chipsi na bei yake utashangaa, bibi apike chapati na maandazi kabla ya kuondoka, nyama ya kukaanga iwe kwenye kibaridi, na termosi ya chai isikose kabisa, wazee wetu bila chai hakuna safari.

Kiti cha mtoto kiwe cha hapa hapa chenye alama ya AS/NZS 1754, kile alichobeba shangazi kutoka Ulaya hakikubaliki kisheria. Chini ya miaka 7 lazima awe kwenye kiti chenye mikanda yake au busta, na bibi asimpakate hata akilia, najua ni ngumu kumwambia bibi lakini mwambie kabla hamjatoka nyumbani, sio mkiwa barabarani.

Dawa sasa. Presha na sukari ndio magonjwa ya wazee wetu, bebeni dawa za wiki moja zaidi ya safari, na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Insulini isikae kwenye dashibodi, ikae kwenye kibaridi ila isigusane na barafu. Nchi zetu za Afrika Mashariki na Congo hazina makubaliano ya matibabu na Australia kwa hiyo mgeni bila bima analipa mwenyewe, nunua bima kabla.

Kuhusu simu, laini ya Telstra ndiyo inashika kuliko nyingine huko, na bado itapotea kwa saa nzima. Kodi simu ya setilaiti au beba kile kifaa cha dharura kinachoitwa PLB, ukikinunua kusajili ni bure. Dharura ni 000. Gari likiharibika msiliache kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kaeni nalo, kivuli na maji viko hapo na gari linaonekana kirahisi kuliko mtu. Wapita njia kule wanasimama kuuliza kama mko salama.

Haya, mambo ya mtoto. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna vipande vya barabara vimechorwa alama za uwanja wa ndege, hapo ndege ya Royal Flying Doctor inatua kuchukua mgonjwa, huduma hiyo ipo toka 1928. Mwambie mtoto azitafute alama, atakaa macho saa nzima. Pale Glendambo kuna kibao kinachohesabu kondoo 22,500, nzi milioni 2 na watu 30, piga picha, na nzi utawakuta kweli, nunua neti za kuvaa kichwani za watu wote. Woomera kuna roketi za zamani zimewekwa nje, mtoto anazizunguka bure.

Halafu babu ashike zamu. Paukwa! Mtoto ajibu pakawa. Vitendawili anza na rahisi, nyumba yangu haina mlango, mpe muda afikirie, usimsaidie kwa Kiingereza. Mtoto akikwama neno bibi amwambie, basi, bila kumcheka wala kumpa mtihani, akichekwa mara moja anafunga mdomo mpaka Uluru. Na mzazi uliyeshika usukani nyamaza, ukianza kutafsiri umeharibu, watatafutana wenyewe kwa mikono mpaka waelewane.

Coober Pedy laleni chini ya ardhi, vyumba vimechongwa kwenye mwamba, joto ni kama 24 mchana na usiku, wazee wanalala vizuri sana humo. Mji ulianza 1915 baada ya Willie Hutchison, kijana wa miaka 14 aliyekuwa safarini na baba yake wakitafuta dhahabu, kuokota opali, jiwe la thamani, mtoto wako akisikia hiyo hataki tena kutoka kwenye vifusi. Kuna eneo la wazi ambalo wageni wanaruhusiwa kuchakura, pelekeni kijiko na bibi akae kwenye kiti. Nje ya hapo shikeni mtoto mkono, mashimo ya migodi ni mengi na hayana mfuniko, usirudi kinyumenyume kupiga picha.

Ukikaribia Uluru utaona mlima mkubwa bapa kama meza upande wa kushoto, watoto wote wanapiga kelele "ule pale!" ila ule ni Mount Conner. Simameni hapo, vukeni barabara mpande tuta la mchanga mwekundu, nyuma yake kuna ziwa la chumvi.

Uluru yenyewe ina kimo cha mita 348 kwenda juu, kuizunguka chini ni kilomita 10.6, wazee hawahitaji yote hiyo. Kupanda kulifungwa Oktoba 2019 kwa sababu ni mahali patakatifu pa Waanangu wenye ardhi, na sehemu zenye kibao cha kukataza picha usipige. Kwa bibi njia ya Kuniya mpaka kisima cha Mutitjulu ni kilomita 1 kwenda na kurudi, hata kiti cha magurudumu kinapita. Njia ya Mala ni kilomita 2, na humo kuna pango ambalo wazee wa Kianangu walikuwa wanawakalisha vijana wa kiume na kuwafundisha, michoro yao bado ipo ukutani. Mpeni babu muda pale, asikimbizwe, atakuwa na mengi ya kumwambia mjukuu.

Kiingilio cha hifadhi ni cha siku tatu, chini ya miaka 18 hawalipi. Vyumba vya Yulara Julai vinajaa mapema, shika nafasi miezi kadhaa kabla, pia kuna uwanja wa kambi. Na kama wazee wamechoka kurudi kwa gari, Yulara ina uwanja wa ndege, wakate tiketi wao, wewe na mtoto mrudi na gari.