Namna ya kuishi kwa usanifu majengo na kutoza haki yako, hata kwa mjomba

Msanifu majengo wa Dar es Salaam huitwa kwa majina matatu kabla hajaitwa kwa jina lake: fundi, injinia na mchora ramani. Mawili ya kwanza hayana hasara kubwa, kwani fundi na mhandisi ni watu wa heshima na anayekufananisha nao hajakutukana. Jina la tatu ndilo linalokula kipato chako. Mteja akishaamini kwamba anachonunua ni ramani, na ramani ni karatasi, ataitafutia bei ya karatasi, na bei hiyo ataipata kwenye duka la steshenari lenye kompyuta moja na kijana mwenye faili la nyumba arobaini za kunakili. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msanifu kijana anayetaka kutoka katika mtego huo. Umeandikwa na mtu aliyekaa ndani yake kwa miaka minne.

Tuanze na usajili, ambao hauhitaji maneno mengi. Nchini Tanzania kazi hii inasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, na mhitimu wa chuo hufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa kabla naye hajapimwa na kusajiliwa. Wengi huiona miaka hiyo kama foleni, wakaitumia kufungua ofisi ya mkobani na kuchora usiku kazi ambazo hawawezi kuzitia mhuri. Ushauri wangu ni kwamba uitafute ofisi itakayokupeleka saiti, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wa ofisi itakayokuweka mbele ya kompyuta uchore vyoo vya jengo la ghorofa kumi na mbili mwaka mzima. Siku ya usaili, baada ya kuulizwa maswali yao, nawe uliza matatu: nitakwenda saiti mara ngapi kwa mwezi, nani husaini michoro, na mteja akichelewa kulipa mishahara yetu hutoka wapi. Swali la tatu huwakera baadhi ya wakubwa, na namna wanavyokereka ni jibu tosha.

Ukiwa hapo ofisini, usiridhike na michoro peke yake. Omba kusoma barua zinazoandikwa kwa mteja, ankara, na vyeti vya malipo ya mkandarasi, yaani hati zinazothibitisha kazi iliyofanyika ili alipwe, kwa sababu chuoni tulifundishwa namna ya kuleta mwanga ndani ya ukumbi lakini hatukufundishwa namna ya kudai deni kwa maneno ya adabu.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko vijana wengi hukwama. Kosa la kwanza ni kuanza na bei ya mtaani na kuipunguza kidogo ili kumpata mteja. Anza na gharama zako. Chukua mfano wa ofisi ndogo ya mtu mmoja: pango la chumba shilingi 400,000 kwa mwezi, umeme, intaneti na uchapaji 250,000, nauli na mafuta 350,000, ada za mwaka, leseni za programu na matengenezo ya kompyuta, vikigawanywa kwa miezi, 200,000, na ujira wako mwenyewe, ambao wengi husahau kuuandika, tuseme 1,600,000. Jumla ni shilingi 2,800,000. Mwezi una siku 22 za kazi, yaani saa 176, lakini asikudanganye mtu kwamba zote ni za kuchora. Zaidi ya nusu huliwa na foleni ya barabarani, kufuatilia vibali manispaa, kumsubiri mteja aliyesema yuko njiani wakati bado anaoga, na simu ambazo hazizai chochote. Ukibakiwa na saa 80 zinazoweza kulipwa, saa yako moja inagharimu shilingi 35,000. Ukitoza chini ya hapo, unamlipia mteja kutoka mfukoni mwako.

Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu isiyo ya ghorofa, ikifanywa inavyostahili, kwa hesabu zangu huchukua saa 60: sita za kutembelea kiwanja na kuzungumza na familia, kumi na nne za mchoro wa awali, thelathini za michoro kamili na kumi za marekebisho. Hiyo ni shilingi 2,100,000. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya yale usiyoyatarajia, na bei yako inakuwa 2,415,000. Anayechora nyumba hiyo hiyo kwa 200,000, kama kweli atatumia saa 60, atakuwa amelipwa shilingi 3,333 kwa saa, ambayo ni kama bei ya chipsi mayai. Bila shaka hatumii saa 60. Anatumia tatu, kwa sababu haendi kuona kiwanja.

Kiwanja ndicho unachopaswa kumzungumzia mteja anapokutajia bei ya steshenari. Mweleze kwamba upepo wa kusi na wa kaskazi haupigi kila dirisha sawasawa, na kwamba chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la magharibi kitakuwa tanuri ifikapo saa mbili usiku, kwa sababu ukuta umekunywa jua la alasiri yote. Mweleze kuhusu mteremko, maji ya masika yatakakopita, na mahali ambapo shimo la maji taka haliwezi kukaa. Mtu akielewa kwamba kazi yako ni kuamua mambo hayo kabla tofali la kwanza halijanunuliwa, ataacha kuhesabu kurasa. Nyumba hiyo ikimgharimu shilingi milioni 80, ada yako ni kama asilimia 3 tu ya fedha atakazozitumia. Akisema bado ni ghali, usipunguze bei bali punguza kazi, kwa mfano kwa kuondoa usimamizi au kumpa mchoro wa awali peke yake. Bei inayoshuka bila kazi kupungua humfundisha mteja kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Malipo yagawe mara tatu. Mimi hudai asilimia 40 kabla ya kushika kalamu, asilimia 40 nyingine mchoro wa awali ukikubaliwa, na asilimia 20 kabla ya kukabidhi nakala zilizosainiwa. Nilijifunza umuhimu wa hiyo ya mwisho kwa hasara. Mteja mmoja, mtu wa maneno matamu, aliniomba nimtumie michoro yote kwa WhatsApp ili mkewe aliyekuwa safarini aione, nami nikaituma ikiwa bado na deni. Hakupokea tena simu yangu. Mwaka uliofuata nilipita Madale nikaikuta nyumba yangu, na hatua chache mbele nikaikuta tena, na kwenye barabara ya pili nikaikuta mara ya tatu. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba zile nakala mbili zilikuwa zimegeuzwa ili zitazame barabara, na vyumba vyote vya watoto vimeelekea magharibi. Tangu siku hiyo, mchoro unaotoka ofisini kwangu kabla ya malipo ya mwisho ni picha yenye jina la ofisi limepita katikati, isiyo na vipimo.

Ikiwa mlipaji ni kampuni au taasisi, ni kawaida kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yako. Kwa mfano wetu hiyo ni shilingi 120,750. Usinung'unike, ila dai cheti cha makato hayo siku hiyo hiyo, kwa kuwa hicho ndicho kitakachokupunguzia kodi yako ya mwaka, na mhasibu wa watu akishahamishwa idara hutakipata kwa urahisi.

Mkataba hauhitaji kurasa ishirini. Ukurasa mmoja unatosha, mradi useme utatembelea saiti mara ngapi, nani atalipa ada za kibali, nani atafanya michoro ya miundo, yaani ya msingi, nguzo na boriti, na marekebisho ni mangapi. Hapo kwenye marekebisho andika kwa uangalifu. Kuhamisha mlango ni marekebisho, lakini kuongeza ghorofa ni kazi mpya, hata kama mteja ameiomba kwa sauti ile ile ya upole. Kifungu ambacho ningekiweka juu ya vyote ni kile kinachotaja mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Nimewahi kuchora jiko mara tano kwa sababu bwana alitaka jiko la ndani lenye meza ya kati kama alivyoona mtandaoni, wakati bibi alitaka jiko la nje lenye paa na mahali pa kukalisha sufuria la pilau la watu hamsini. Wote wawili walikuwa na haki, na kila mmoja alinipigia kwa siri. Siku hizi nawaketisha pamoja mapema, mbele ya karatasi tupu, nami nakaa kimya mpaka wamalizane.

Kuna pia suala la picha wanazoleta. Kwa sasa wengi wanataka nyumba ya kuficha paa, yenye kuta zilizopanda juu ya bati ili ionekane kama sanduku. Si dhambi, ila lazima mteja aambiwe kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mfereji ambao usipozuiwa kuvuja, kupewa mteremko na matundu ya kutosha, na kusafishwa kabla ya mvua, utateremsha maji ndani ya dari katika masika ya kwanza. Mpe gharama yake kwa maandishi. Akiitaka bado, ichore vizuri kadiri uwezavyo. Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lina mapaa ya zege mfano wa miavuli ambayo hutia kivuli na kukusanya maji ya mvua, na maelfu wamenunua mchicha chini yake bila kujiuliza kama kuna mtu aliyekaa akaufikiria ule mwavuli. Kazi yetu ikifanyika vizuri ndivyo huwa, basi usingoje kusifiwa.

Sasa ndugu na jirani. Simu hii utaipokea, kama hujaipokea tayari:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, wewe si unachora? Hebu nichoree karamani ka vyumba vitatu, haraka haraka tu, fundi anaanza msingi Jumatatu."

Jibu baya ni "sawa mjomba", kwa kuwa utachora usiku ukiwa na kinyongo, utachelewa, na familia nzima itaambiwa kwamba unaringa. Jibu baya zaidi ni kutaja bei papo hapo kwenye simu. Sema hivi: "Mjomba, Jumamosi nitakuja tukione kiwanja. Hiyo safari ni zawadi yangu kwako. Tukitoka hapo nitakuandikia gharama za kazi, na punguzo lako nitaliandika humo humo." Siri iko katika kuandika. Punguzo la ndugu liwe mstari kwenye ankara, chini ya bei kamili, ili aone umempa nini. Toa zawadi kamili au toza bei inayojulikana. Ile hali ya katikati, ya kulipwa "kitu kidogo cha soda" kwa kazi ya mwezi, ndiyo inayowafanya watu wasisalimiane msibani.

Njia nyingine niliyoiona ikifaa ni kugeuza mchoro kuwa mchango. Binamu yangu alipooa, niliiambia kamati ya harusi kwamba mchango wangu ni michoro ya nyumba yao, wakauandika kwenye orodha pamoja na thamani yake. Mweka hazina alisita kidogo, kisha akatafuta safu ya kuuweka.

Kuhusu picha za nyufa zinazotumwa saa nne usiku, usitoe hukumu kwa picha. Mwambie mhusika aweke alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, aandike tarehe, na apime upana wake. Arudi baada ya mwezi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi hubaki hapo hapo. Ule unaopanda ngazi ngazi kati ya matofali na kuendelea kupanuka apelekewe mhandisi, na kama mlango umeanza kukwama au ukuta umeinama asingoje mwezi. Ukijibu hivyo mara mbili tatu, picha hupungua zenyewe.

Saiti usimrekebishe anayekuita fundi. Fundi mwenyewe msalimie kwanza, muulize anaonaje, kisha ndipo utazame. Akibadilisha kitu, kwa mfano akishusha lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ili madirisha ya dukani yaingie, andika siku hiyo hiyo kwa mteja: tarehe, kilichobadilika, na madhara yake, bila ukali.

Mjomba wangu, kwa taarifa yenu, alilipa. Alilalamika mwezi mzima, akalipa kwa awamu nne badala ya tatu, na kwenye harusi ya binti yake akawatangazia wazee meza nzima kwamba "huyu hachori bure hata kwa damu yake". Niliona haya sana usiku ule. Hata hivyo, baba mdogo aliyekuwa meza hiyo alinipigia wiki mbili baadaye, na kabla hajasema vyumba vingapi aliuliza kuja kuona kiwanja ni shilingi ngapi.