SOMO: Jinsi ya kusomea pastpepa za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania (Kidato cha Nne)

Wakuu, kila mwaka Novemba ikikaribia napokea swali lile lile: "Nisomeje nifaulu?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu.

1. Pakua pastpepa (mitihani ya miaka iliyopita) na fomati (maelezo ya mpangilio wa mtihani) kwenye tovuti ya NECTA. Bure.

2. Linganisha pepa na fomati. Za zamani sana mpangilio wake ni mwingine.

3. Simu mpe mama.

4. Fanya pepa nzima daftari likiwa limefungwa. Hapa ndipo darasa langu zima la twisheni huwa linaanguka. Chukua swali la seti: wanafunzi kadhaa wanasoma Fizikia, kadhaa Kemia, wengine yote mawili. Ukitazama mchoro wa Venn (duara mbili zinazoingiliana) uliokwisha chorwa, unasema "aah, hii naijua," unafunua ukurasa. Ukipewa karatasi tupu, hukumbuki kwamba wa yote mawili wanaanza katikati, kisha wanatolewa kwenye kila duara. Basi ukikwama, ruka, endelea. USICHUNGULIE. Ukichungulia hata mara moja, pepa hiyo imeshakufa, tafuta nyingine. Na weka saa: Hisabati ni maswali 14 kwa saa 3, kwa hiyo swali moja lisikule nusu saa.

5. Sahihisha kwa kalamu nyekundu. NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye picha za majibu mazuri na mabovu. Wengi hawazifungui kabisa, sijui kwa nini.

6. Makosa yaingie daftari lake. Yarudie kesho, kisha wiki ijayo.

MASWALI

— Mkuu, tupia PDF ya majibu.
Hatua ya 4.

— Sijaielewa hiyo ya 4, ndiyo maana naomba majibu.
Basi isome tena, taratibu.

— Mbona sisi tulikariri tu na tukatoboa?
Hongera. Uzi ni wa ambao bado.

— Mwalimu, kwa nini nikirudia notisi najiona nimeelewa, halafu wiki ikipita sina kitu?
Swali zuri sana. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi matini. Wengine waliisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima ndio walioongoza. Kwa hiyo ule "nimeelewa" wa usiku huohuo usiuamini.

— Na Historia, haina kukokotoa?
Funika notisi, andika hoja zako na maelezo, kwa Kiingereza kama utakavyoandika kwenye chumba cha mtihani. Kisha funua uone ulichoacha.

— Kukesha miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi kunasaidia?
Kunasaidia mafua. Kalale.

— Karatasi za kufanyia mazoezi bei juu jamani.
Kalenda za mwaka jana, nyuma ni nyeupe. Na steshenari waambie watoe kurasa mbili kwa karatasi moja, mbele na nyuma.

— Za ukutani zile kubwa zinafaa hata kwa ramani za Jiografia.
Naam, hii sikuiwaza. Asante mdau.