Mtoto akisomea kwenye simu yako, bandika programu kwanza

Nilimwacha binti yangu na mazoezi ya hesabu kwenye simu, narudi kutoka jikoni namkuta anasoma meseji zangu za M-Pesa kwa sauti. Sasa simpi simu bila kubandika programu, yaani kuifungia simu kwenye programu moja tu. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute chaguo la kubandika programu (simu nyingine hulificha kwenye mipangilio ya ziada). Liwashe, na hapohapo washa sharti la kuuliza namba ya siri ya kufungulia simu kabla ya kubandua. Wengi huliruka, na bila hilo mtoto anashikilia vitufe viwili tu, au anatelezesha kidole juu na kushikilia, yuko nje. Halafu fungua programu ya masomo, nenda kwenye orodha ya programu ulizotumia karibuni, gusa ikoni yake juu, chagua kubandika. Simu inabaki hapo. Meseji, picha na pesa zako havifikiki mpaka namba iingizwe. Wenye iPhone wanacho kitu kama hicho kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility).

Inapofeli: programu iliyobandikwa inaweza kufungua nyingine, kwa hiyo somo lenye viungo vya nje linampitisha mtoto hadi kwenye kivinjari. Pia haizuii programu yenyewe kukusanya taarifa. Ruhusa za mahali, maikrofoni na orodha ya namba za watu zinyime kando. Na kama mtoto anaijua namba yako ya siri (wangu alikuwa anaijua), ibadilishe kwanza.