Kilo ngapi zinatosha? Kupanga uzito wa kulenga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Anza na namba mbili na neno moja: urefu wako, uzito wako kabla ya upasuaji, na aina ya upasuaji uliofanyiwa. Ukikosa kimojawapo, lengo lolote utakalotaja ni la kubuni, hata kama limeandikwa na kalamu nyekundu kwenye kalenda.

Wengi wa Arusha na Moshi hufanyiwa upasuaji huu mbali na nyumbani: Dar es Salaam, Nairobi au India. Wanarudi na bahasha kubwa ya karatasi, na miezi mitatu baadaye daktari wa hospitali ya KCMC au Mount Meru anapouliza, "Ulikatwa namna gani? Uliingia na kilo ngapi?", jibu linakuwa ni la kukisia. Kabla hujatoka hospitali uliyopasuliwa, hakikisha mambo hayo yameandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, pamoja na dawa ulizopewa. Piga picha ukurasa huo uuhifadhi kwenye simu.

Urefu upimwe upya. Vua viatu, vua kilemba, na kama umesuka rasta za kurundika juu, zishushe. Simama visigino vikigusa ukuta, mtu aweke kitabu chenye jalada gumu kichwani, kilalie nywele na kugusa ukuta, kisha achore mstari. Urefu uliopimwa ukiwa shule au jeshini usiutegemee, maana watu hupungua urefu kadiri umri unavyosogea. Sentimita tatu za uongo zinaweza kuhamisha hesabu yako kwa kilo mbili na nusu.

Uzito wa kuanzia una utata wake. Kuna ule wa kliniki, na kuna ule wa asubuhi ya upasuaji baada ya wiki kama mbili za mlo mwepesi wa kusinyaza ini. Tofauti yake huweza kufika kilo kadhaa. Chagua mmoja, uandike, usiubadilishe. Ukihesabu leo kwa huu na mwezi ujao kwa ule, utajiona umefaulu au umefeli kwa sababu ya hesabu tu.

Mizani kwanza

Mizani ya pembeni mwa stendi haifai kwa kazi hii. Imekaa juu ya lami iliyobonyea, wewe umevaa viatu, una simu na funguo mfukoni, na asubuhi za baridi za Julai una koti juu ya sweta. Nunua ya kwako, iweke kwenye sakafu ngumu ya saruji au vigae, kamwe isiwe kwenye zulia. Kisha ijaribu: jipime peke yako, halafu jipime umebeba kiroba cha unga cha kilo 25 ambacho hakijafunguliwa. Kama bado hujamaliza wiki sita tangu upasuaji, usinyanyue kitu kizito hivyo. Mwache mtu mwingine ajipime nacho. Tofauti ikiwa 25, au karibu sana na hapo, mizani ni nzima. Ikisoma 23 au 27, irudishe dukani.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Kila siku ni kujitesa. Maji ya mwili peke yake hupandisha na kushusha kilo moja au mbili, hasa kwa wanawake siku za kukaribia hedhi. Wiki ya kwanza baada ya upasuaji usipime kabisa, kwa sababu dripu zinaweza kukufanya uzidi uzito ulioingia nao.

Hesabu yenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na kosa ni moja tu: kuna asilimia za aina mbili, nazo huchanganywa.

Ya kwanza ni asilimia ya uzito wote. Kwa upasuaji wa sliivu, ambapo tumbo hukatwa libaki kama mrija, wengi hupungua asilimia 20 hadi 30 ya uzito wao wote ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa baipasi, ambapo chakula hupitishwa njia ya mkato kwenda kwenye utumbo, ni kama asilimia 25 hadi 35. Puto linalowekwa ndani ya tumbo si upasuaji, na hutolewa baada ya miezi sita au mwaka kutegemea aina. Aliyewekewa puto ategemee asilimia 10 hadi 15.

Ya pili ni asilimia ya uzito wa ziada, yaani zile kilo zinazozidi uzito wa BMI 25. (BMI ni kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe; 25 ndipo uzito wa kawaida unapoishia.) Madaktari wengi huzungumza kwa hii. Akikuambia, "Utapunguza asilimia 60," anamaanisha 60 ya ziada.

Tuchukue mama mwenye urefu wa mita 1.62 na kilo 118, aliyefanyiwa sliivu. BMI yake ni 118 gawanya kwa (1.62 mara 1.62), inakuja 45. Uzito wake wa BMI 25 ni kilo 65.6, kwa hiyo ziada ni kilo 52.4. Asilimia 60 ya ziada hiyo ni kilo 31, atabaki na 87. Lakini akielewa kwamba ni asilimia 60 ya uzito wake wote, atasubiri kupungua kilo 71 abaki na 47, uzito ambao ungemweka kitandani. Inaonekana kichekesho kwenye karatasi. Kwenye maisha inaleta machozi mwezi wa nane baada ya upasuaji, pale mtu aliyepungua vizuri kabisa anapoamini upasuaji umemkataa.

Sasa lengo lake. Asilimia 20 ya 118 ni kilo 23.6, atabaki na 94. Asilimia 30 ni kilo 35.4, atabaki na 83. Katikati ni 88 na nusu. Basi tunamshauri asiandike namba moja, aandike uwanja: kati ya 86 na 92. Juu ya chati ya BMI, kilo 88 bado zinamweka kwenye 33 na nusu, na chati itaendelea kumwita mnene. Iache iseme. Chati ile haijui kwamba alianzia 45, wala kwamba sasa anapanda daladala ya Njiro bila kulipia siti mbili.

Uwanja una sababu nyingine. Uzito wa chini kabisa hufikiwa kati ya mwezi wa 12 na wa 24, kisha kilo chache hurudi karibu kwa kila mtu. Mama yetu anaweza kugusa 85 halafu akatulia 89. Akiwa ameandika "85" peke yake, zile kilo nne ataziita kushindwa. Akiwa na uwanja, yuko nyumbani.

Kuusogeza uwanja juu au chini

Umri mkubwa, kisukari cha miaka mingi na matumizi ya insulini huwa vinapunguza kasi. Sogea upande wa juu. Dawa za steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Usiiache kienyeji, ongea na kliniki ubadilishiwe njia, kwa sababu mimba inapaswa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi haraka kuliko mtu anavyodhani.

Aliyeanza na kilo 160 atapoteza kilo nyingi kuliko wa 105, ila ataishia juu zaidi. Ndiyo maana kujilinganisha na mwenzako wa jumuiya aliyefanyiwa mwezi uleule hakuna faida. Ngozi inayoning'inia nayo ina kilo zake ambazo mlo hauziondoi.

Na uzito wa siku ya harusi yako? Uache kwenye albamu. Kama tangu umri wa miaka 25 hujawahi kukaa chini ya kilo 80 hata kwa mwaka mmoja, usiweke 70.

Pembeni ya kilo, andika malengo matatu ambayo si ya mizani: kiuno, kipimo kimoja cha hospitali, na jambo moja la mwili. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kikishuka chini ya nusu ya urefu wako ni vizuri sana, na kila sentimita tano njiani ni za kuhesabiwa. Kipimo cha hospitali ni presha au sukari ya miezi mitatu (HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako). Presha na sukari huanza kushuka mapema, wakati mwingine ndani ya wiki za mwanzo, kwa hiyo ukiona kizunguzungu, jasho au kutetemeka huku unatumia dozi za zamani, nenda zikapunguzwe. Jambo la mwili lichague mwenyewe: kupanda kutoka mjini Moshi hadi KCMC kwa miguu, kulala bila kukoroma, kupiga magoti kanisani na kuinuka bila kushika benchi.

Ramani ya miezi

Karibu nusu ya safari ya kupungua huisha miezi mitatu ya kwanza, na robo tatu kufikia mwezi wa sita. Kwa mama wa kilo 118, mwezi wa tatu awe maeneo ya 103, wa sita 96, wa kumi na mbili 89. Chora mstari huo kwenye daftari la hesabu la mirabaraba, wiki kwa mlalo na kilo kwa wima, na weka nukta yako kila Jumamosi. Kinachotakiwa ni nukta kuzunguka mstari, si kuukanyaga.

Kati ya wiki ya tatu na ya sita mizani hugoma kwa wengi. Wiki mbili tatu bila kusogea ni kawaida, kwa kuwa mwili unarudisha maji uliyoyapoteza mwanzoni. Usiruke milo. Angalia protini: gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa mgando 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa 7, gramu 100 za kuku au samaki aliyeiva karibu 25. Mtori unapendwa wakati wa vyakula laini, na ni sawa, lakini ndizi ndiyo nyingi humo. Usagie nyama ya kutosha, uwe mchuzi wa nyama wenye ndizi badala ya ndizi zenye harufu ya nyama.

Mwezi wa tatu ukifika na hujapungua hata asilimia 10 ya uzito wa kuanzia, rudi kliniki. Mara nyingi mwizi ni vinavyoteleza: soda, juisi ya parachichi yenye sukari, biskuti za kuchovya, uji mtamu wa kila saa. Havijazi tumbo dogo, vinapita tu.

Jambo dogo la mfukoni: sare ya harusi usishone mapema. Fundi akikupima mwezi wa nne kwa sherehe ya mwezi wa saba, kitenge kitakuning'inia kama pazia. Mwombe aache kitambaa cha ndani na akupime tena wiki ya mwisho. Nguo za kila siku za mwaka huo zitoke mitumbani, soko la Memorial la Moshi au Kilombero la Arusha.

Ukivuka mpaka

Chini ya uwanja: majirani wataanza kuuliza kama unaumwa, na wengine watanong'ona magonjwa wanayoyajua wao. Maneno hayo si kipimo. Kipimo ni hiki: ukishuka chini ya mpaka na bado unapungua kila wiki, unatapika, au unashindwa kufikisha protini, nenda hospitali. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo, miguu kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili au kuyumba ukitembea ni dharura ya siku hiyohiyo. Huenda vitamini B1 imeisha mwilini. Kunyonyoka nywele mwezi wa tatu au wa nne ni kawaida na hukoma, ila pima damu, madini ya chuma, B12 na vitamini D, na vidonge vya vitamini ni vya maisha yote.

Juu ya uwanja: usisubiri kilo 15 zirudi. Kilo tatu juu ya mpaka kwa wiki nne mfululizo ziwe kengele. Andika kila unachokula na kunywa kwa siku saba, ukapange upya na mtaalamu wa lishe. Desemba ya kwenda nyumbani mlimani ndiyo yenye mitego mingi: mbege, ndafu, kitimoto, na shangazi anayehesabu kijiko chako. Pombe hupanda kichwani haraka zaidi baada ya baipasi au sliivu, na mbege ina wanga juu ya pombe. Kunywa maji nusu saa kabla ya kula na si pamoja na chakula, anza na nyama, sahani ndogo. Jipime kabla ya kupanda na wiki ya kwanza ya Januari.

Lengo lipitiwe upya mwezi wa 6, wa 12 na wa 24, kisha mara moja kwa mwaka, ukiwa na daftari mkononi na mtu anayejua kulisoma. Ukiwa umetulia sehemu moja kwa miezi sita, sukari na presha ziko sawa na unakula bila kuteseka, mwambie daktari aandike uzito huo kwenye faili kama lengo jipya, hata kama ni kilo tano juu ya ulizoziota.