Jinsi ya Kutambua Tarehe katika Nyaraka za Mfalme John wa Uingereza

Anayesoma nyaraka za Mfalme John, aliyeitawala Uingereza kuanzia 1199 hadi 1216, hukuta mahali, siku na mwaka wa utawala, kwa mfano "mwaka wa 17 wa utawala wetu", bila kutajiwa mwaka wa kalenda. Kuugeuza mwaka huo si kazi ngumu, ila kwa mfalme huyu kuna mtego.

Kaka yake, Richard, mfalme aliyemtangulia, alifariki tarehe 6 Aprili 1199, lakini makarani wa John walianza kuhesabu tarehe 27 Mei, siku aliyotawazwa Westminster, ambayo mwaka huo iliangukia Sikukuu ya Kupaa Bwana. Laiti wangeishika tarehe hiyo! Waliishika sikukuu, nayo huhama kila mwaka pamoja na Pasaka, na ndiyo maana miaka ya utawala wa John hailingani kwa urefu.

Chukua namba ya mwaka wa utawala, uijumlishe na 1198, upate mwaka wa kalenda ambamo ulianza. Kisha tafuta tarehe ya Pasaka ya mwaka huo na uhesabu siku 39 mbele. Mwaka wa 17 unatupeleka 1215. Pasaka ilikuwa tarehe 19 Aprili, hivyo Kupaa kulikuwa tarehe 28 Mei. Magna Carta, hati maarufu ya haki aliyoitoa John, yenye tarehe 15 Juni ya mwaka huo wa 17, imo basi ndani ya 1215, ilhali waraka wa Februari wa mwaka uleule wa utawala ni wa 1216.

Mtego uko katika mwezi wa Mei. Mwaka wa 5 ulianza tarehe 15 Mei 1203 ukaisha tarehe 2 Juni 1204, kwa hiyo tarehe 20 Mei imo mara mbili, na hesabu peke yake haiwezi kuamua ni ipi. Hapo angalia mahali waraka ulipotolewa. John aliondoka Normandy, jimbo lililo kaskazini mwa Ufaransa, Desemba 1203 na hakurudi tena huko. Waraka wa tarehe 20 Mei uliotolewa naye Rouen, mji wa Normandy, hauwezi kuwa wa 1204. Ukiwa umetolewa Uingereza, ni wa 1204, kwa kuwa Mei iliyotangulia mfalme alikuwa bado ng'ambo.

Mwaka wa 18 hausumbui: ulianza tarehe 19 Mei 1216, ukakatika Oktoba, mfalme alipofariki Newark.